Kuonja na Kutathmini Mvinyo Mwekundu wa Dodoma wa Bei Nafuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya mtu mzima anayenunua chupa ya mvinyo mwekundu kwa pesa ya kawaida na anataka kujua kama alichonunua ni kizuri, na kwa sababu gani. Nimechukua Dodoma kwa sababu ndiyo ninayoijua na ndiyo inayohukumiwa haraka kuliko zote. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa chupa ya Naivasha, Kenya, au ya Afrika Kusini.

Kwa nini nijisumbue kutathmini mvinyo wa bei nafuu? Si unakunywa tu?

Unaweza kunywa tu. Lakini nimesikia mara nyingi watu wakisema "waini ya Dodoma ni kali, inakwaruza," na ukiwauliza waliinywaje, unakuta ilikuwa ya moto, kwenye kikombe cha plastiki, imetoka duka ambalo chupa zinapigwa na jua tangu asubuhi. Hapo aliyehukumiwa ni muuzaji, lakini jina lililochafuka ni la mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, huko Dodoma, ambaye alifanya kazi yake vizuri.

Mvinyo wa bei nafuu hauhitaji kuonewa huruma, wala hauhitaji kudharauliwa. Unahitaji kupewa haki yake, na haki hiyo ni maswali matatu: Je, ni mzima, yaani haujaharibika? Je, sehemu zake zimelingana? Je, unafaa kwa kilichopo mezani? Majibu mengine yote hapa chini yanarudi kwenye hayo matatu.

Dodoma inatoa mvinyo wa namna gani hasa?

Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Mvua ni chache, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha Desemba hadi Aprili. Udongo ni wa kichanga, maji hayatuami. Mizabibu ililetwa huko na wamisionari Wakatoliki waliohitaji divai ya Misa, na misheni ya Bihawana bado inatajwa kila historia hiyo inaposimuliwa.

Jambo la kuelewa ni hili: Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kali, ukaamka na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali. Mkulima anaupogoa, anaulazimisha kuanza upya, na anavuna mara mbili, mara moja karibu na Machi na mara nyingine Agosti hadi Septemba. Mavuno ya Machi hukutana na mvua. Ukungu hushambulia majani na vishada, tunda hunywa maji, sukari hushuka, na mkulima hulazimika kuchuma mapema ili asipoteze kila kitu. Mavuno ya kiangazi huiva kwenye jua kavu na usiku wa baridi. Ukipata chupa ya Dodoma yenye rangi iliyokolea na harufu ya tunda lililoiva kweli, mara nyingi ni zabibu za kiangazi.

Zabibu nyekundu maarufu ni Makutupora, iliyochukua jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu, kaskazini mwa jiji. Zipo pia Syrah na Cabernet Sauvignon, na huko Hombolo zimepandwa aina za Italia kama Aglianico na Teroldego. Nyeupe ni hasa Chenin Blanc, lakini hiyo ni mada nyingine.

Bei ikiwa ya chini, kuna kitu kimepunguzwa?

Ndiyo, na mara nyingi si kitu cha kusikitikia. Mvinyo mwingi wa bei nafuu haujalazwa kwenye mapipa ya mwaloni, ambayo huagizwa kutoka ng'ambo kwa pesa nyingi. Umekaa kwenye matangi ya chuma au ya plastiki, ukauzwa ungali mchanga. Safari yake ni fupi. Kodi nayo inasaidia: ushuru wa bidhaa Tanzania ni mdogo kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani kuliko kwa ule wa kuagizwa.

Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni kingine kabisa. Rafu hiyohiyo ina vinywaji vyenye rangi nyekundu, picha ya kishada cha zabibu na kileo ndani, lakini ukigeuza chupa unasoma maji, sukari, rangi na ladha. Hicho kinaweza kuwa kinywaji halali, ila hakitathminiwi kama mvinyo, na hakuna sababu ya kukilinganisha nao. Geuza chupa usome nyuma kabla hujalipa.

Dukani niangalie nini?

Kwanza mahali chupa ilipokaa. Usichukue iliyopangwa dirishani, juu ya friji la soda au karibu na jiko. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi, na kama mzigo ulisafiri mchana chini ya turubai, chupa tayari imeonja joto. Haihitaji mwezi mwingine dirishani.

Pili, shingo. Kizibo kilichosukumwa juu kidogo, au unata wa mvinyo uliokauka chini ya kifuniko, unakuambia chupa ilipata joto mpaka ikavuja. Ikiwa mvinyo umeshuka chini kuliko kwenye chupa za jirani, iache. Kifuniko cha kuzungusha kisikutishe: kwa mvinyo wa kunywewa mapema kinafaa kuliko kizibo.

Tatu, stempu. Tanzania chupa halali ina stempu ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato, na programu ya Hakiki Stempu kwenye simu inakuonyesha kama ni ya kweli. Kenya kuna programu ya Soma Label ya mamlaka ya mapato ya huko, KRA. Kwa kinywaji chenye kileo, hatua hii si ya urembo.

Mwaka wa mavuno ukiwa umeandikwa, chagua mpya zaidi.

Unywewe wa baridi au wa joto la chumbani?

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika nchi zetu za joto. Ule ushauri wa "joto la chumbani" ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Mwanza, Mombasa au Kinondoni kina 28, wakati mwingine 30. Kwenye joto hilo kileo kinapanda puani na kuunguza, tunda linajificha, na utamu kidogo uliopo unageuka uzito. Mvinyo mzuri kabisa utaonekana mbaya.

Weka chupa kwenye friji dakika 45 hadi saa moja, au kwenye ndoo ya maji na barafu dakika 10. Usiizidishe hadi ikawa kama bia, kwa sababu baridi kali inaongeza ukakasi na kuua harufu. Ukishika glasi ukahisi ubaridi wa chungu cha maji, uko mahali pazuri.

Nahitaji glasi maalumu?

Hapana. Glasi ya kioo, isiyo na rangi, yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo inatosha. Isiwe na harufu ya sabuni wala ya kabati. Mimina hadi theluthi tu, ili harufu ipate nafasi.

Naonjaje hatua kwa hatua?

Chukulia una chupa ya Makutupora isiyo na utamu, imetoka kwenye friji, na umekaa mahali penye mwanga wa mchana ambapo hakuna anayekaanga vitunguu wala aliyejipulizia manukato.

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Angalia ukingo, pale mvinyo unapokuwa mwembamba. Mvinyo mchanga una ukingo wa zambarau au waridi. Ukianza kuzeeka ukingo unakuwa wa matofali, na baadaye wa hudhurungi. Kwa chupa ya bei nafuu iliyovunwa mwaka jana, hudhurungi ni habari mbaya. Kisha angalia kama unaona kidole chako upande wa pili. Kukiona si kasoro; ni dalili ya mvinyo mwepesi tu. Ile michirizi inayoteremka ukutani mwa glasi, ambayo wengi hudhani ni alama ya ubora, inatokana na kileo zaidi kuliko kitu kingine. Ipuuze.

Nusa kabla hujatikisa. Harufu ya kwanza ni nyepesi, na kasoro hujitokeza hapo kabla tunda halijaifunika. Sasa zungusha glasi juu ya meza, nusa tena, pumzi fupi mbili au tatu, kisha pumzisha pua. Hapa watu wengi hukwama kwa sababu vitabu vinawaambia watafute matunda ambayo hawajawahi kuyashika. Achana nayo. Tafuta unayoyajua: zambarau zilizoiva, rozela, ukwaju, tende, karafuu, pilipili manga, ngozi, majani mabichi, udongo baada ya mvua. Kwenye Makutupora niliyopenda zaidi nilipata zambarau kwanza, kisha rozela iliyochemshwa bila sukari, na nyuma yake kitu kikavu kama gome la mdalasini. Majani mabichi mengi, kama mtu kakanyaga nyasi mbichi, mara nyingi ni zabibu zilizochumwa kabla hazijaiva.

Ndipo uonje. Chukua funda la kutosha kufunika ulimi, lizungushe mdomoni, vuta hewa kidogo kupitia midomo. Italeta sauti, usione haya. Fuatilia vitu vinne kwa mpangilio. Utamu hujitokeza mapema. Uchachu unajulikana kwa mate yanayojaa pembeni mwa ulimi. Ukakasi unajulikana kwa fizi na mashavu kukauka. Kileo kinajulikana kwa joto kooni baada ya kumeza au kutema. Swali si kipi kipo, kwa kuwa vyote vinne vinaweza kuwepo. Swali ni kama kimoja kinapiga kelele kuliko vingine. Uchachu ukisimama peke yake, mvinyo unachoma kama ndimu. Kileo kikisimama peke yake, unaunguza. Tunda likiwa la kutosha kuvibeba, ndipo tunasema umelingana.

Mwisho, tema au meza, halafu hesabu kimyakimya. Ladha ya tunda ikipotea kabla hujafika tatu, mvinyo ni mfupi. Ikibaki hadi saba au nane kwa chupa ya bei hii, umepata. Lakini hakikisha unachohesabu ni ladha nzuri. Uchungu nao hubaki muda mrefu.

Ukakasi ni kasoro?

La. Unatokana na tanini zilizomo kwenye ganda, kokwa na vikonyo vya zabibu, na ndio unaoupa mvinyo mwekundu mwili, yaani uzito mdomoni. Ukitaka kuutambua bila kuchanganya na uchachu, chemsha chai ya rangi, acha majani humo robo saa, onja bila sukari: ule ukavu kwenye fizi ndio wenyewe. Kisha onja maji ya ndimu: mate yanayojaa ndiyo uchachu. Ukifanya hivyo mara moja hutazichanganya tena.

Kinachopimwa ni aina yake. Ukakasi mzuri ni laini na unaondoka. Ukakasi mbaya unakwaruza na kuacha uchungu wa kokwa iliyotafunwa. Mara nyingi zabibu zilikamuliwa kwa nguvu mno au hazikuiva.

Mimi napenda mtamu. Je, nina ladha ya kishamba?

Hapana kabisa, na asiyekuheshimu kwa hilo hajui historia ya kinywaji hiki. Dunia imejaa mvinyo mtamu wa heshima. Ila jua unachonunua. Chachu hula sukari ya zabibu na kuigeuza kileo. Gramu 17 hivi kwa lita hutoa asilimia moja ya kileo. Ikila yote, mvinyo unabaki bila utamu, na lebo huandika Dry. Umoja wa Ulaya kwa kawaida unaweka mpaka huo kwenye gramu 4 za sukari kwa lita. Mvinyo mtamu aidha ulisimamishwa kabla chachu haijamaliza, aidha uliongezwa kitu baadaye.

Onyo langu ni moja: utamu unaficha. Kwa mtamu, tafuta uchachu nyuma ya sukari. Ukiupata, mvinyo una uhai na utamaliza glasi. Usipoupata, funda la tatu litakuchosha.

Nitajuaje kama umeharibika?

Harufu ya siki au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha: bakteria wameugeuza. Kidogo sana huvumilika. Ukiinusa kabla hata glasi haijafika puani, rudisha.

Harufu ya boksi lililonyeshewa mvua au gunia lililooza uvunguni, huku tunda likiwa limepotea kabisa: kizibo kina dosari. Haikudhuru, lakini hairekebishiki kwa kusubiri.

Rangi ya hudhurungi na harufu ya tende zilizochemka na karanga: hewa imeingia. Ladha ya jamu iliyoungua kidogo: joto.

Mapovu na utusitusi kwenye mvinyo ambao haukupaswa kuwa na mapovu: chachu imeamka ndani ya chupa.

Harufu ya kiberiti kilichowashwa au yai bovu hafifu inahitaji subira. Mimina kwenye jagi, acha nusu saa, nusa tena. Mara nyingi inaondoka, na watu wengi humwaga chupa nzima kwa kutojua hili.

Vipande vidogo vinavyometameta chini ya chupa, au mashapo meusi, si kasoro. Vya kwanza ni chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe. Mimina polepole.

Inafaa kujua kwamba Kanisa Katoliki limeandika sharti hili la uzima kwenye sheria yake: Kanuni ya 924 inataka divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Kwa mkoa ambao mizabibu yake ilianzia altareni, hicho ni kipimo kizuri hata kwa chupa ya nyumbani.

Nitajuaje kama nahukumu mvinyo au nahukumu lebo?

Funika chupa. Hakuna njia nyingine, na mimi siamini tathmini yoyote ya bei iliyofanywa huku chupa ikiwa wazi, hata yangu mwenyewe.

Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2001 kutoka Bordeaux: wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanasoma fani yenyewe. Na mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi wa maonjo zaidi ya 6,000 yaliyofanywa Marekani bila watu kuona lebo wala bei. Watu wa kawaida hawakupenda zaidi mvinyo wa ghali, bali waliupenda kidogo pungufu. Waliopata mafunzo hawakuonyesha hali hiyo.

Nyumbani ni rahisi. Nunueni chupa tatu za mvinyo mwekundu usio na utamu: mbili za Dodoma, moja ya kuagizwa yenye bei ya juu kidogo. Mtu mmoja azifunge kwa magazeti au soksi, aziandike A, B, C, kisha asionje wala asizungumze. Zote ziwe na ubaridi mmoja. Kila mtu aandike kimya kabla ya mjadala, kwa sababu meza ikiwa na shemeji mwenye sauti kubwa, wote wataishia kunusa alichonusa yeye. Zirudieni kwa mpangilio tofauti. Kisha fungueni. Yatakayotoka ni yenu, na ni ya kuaminika kuliko medali iliyochapwa kwenye lebo.

Niandike nini, na nitoe alama ngapi?

Alama sizipendi kwa mvinyo wa kila siku. Zinakusukuma ufananishe chupa ya chakula cha jioni na ya sherehe. Andika sentensi chache zitakazokusaidia mwezi ujao dukani. Kwa mfano: "Makutupora, mavuno ya mwaka jana, kifuniko cha kuzungusha. Nyekundu ya kung'aa, kidole kinaonekana. Zambarau, rozela. Uchachu wa juu, ukakasi mdogo, kileo hakiunguzi. Tunda linaisha mapema. Mzima. Na mbuzi ulifaa. Peke yake ulikuwa mwembamba. Nitanunua tena kwa nyama, si kwa maongezi."

Sentensi ya mwisho ndiyo tathmini. Usipoweza kuiandika, onja tena.

Unaendana na chakula gani?

Mvinyo huu wa uchachu wa juu na mwili mwepesi ni wa mezani, na wengi huuonja peke yake ndipo wakaulaumu. Nyama choma yenye mafuta inalainisha ukakasi, chumvi ya kachumbari inalitoa tunda. Mbuzi, maini ya kukaanga, maharage mazito, hata ugali na mlenda wa karanga, vyote vinaupokea. Pilau nayo inaupenda kwa sababu ya karafuu na pilipili manga.

Pilipili kichaa ikizidi, kileo kitaunguza maradufu. Hapo chukua wenye utamu kidogo na ubaridi zaidi. Dagaa na samaki wa mafuta huleta ladha ya chuma pamoja na mwekundu wenye tanini. Siulazimishi.

Mbona wa Afrika Kusini wa bei ileile unaonekana laini zaidi?

Mara nyingi ni kweli, na sababu ni za wazi. Mashamba makubwa, mizabibu inayolala kila mwaka, viwanda vinavyochanganya matangi mengi hadi ladha iwe moja, na mara nyingine sukari kidogo iliyoachwa makusudi ili kulainisha kingo. Ulaini huo si bure: chupa nyingi za kundi hilo zinafanana hadi huwezi kuzitenganisha ukifumba macho. Chupa ya Dodoma inayumba zaidi kati ya mavuno na mavuno, lakini ikikaa sawa ina uchangamfu ambao siupati kwingine kwa pesa hiyo. Nakiri naipendelea, na ndiyo maana mimi hufunika chupa.

Nikiuweka miaka utaongezeka ubora?

Hapana. Unywe ndani ya mwaka mmoja au miwili tangu mavuno.

Mwekundu unaniumiza kichwa. Ni zile sulfaiti?

Huenda sizo. Sulfaiti ni kihifadhi kinachotiwa kwenye mvinyo. Sheria za Ulaya zinaruhusu sulfaiti nyingi zaidi kwenye mweupe usio na utamu, miligramu 200 kwa lita, kuliko kwenye mwekundu, 150. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipendekeza kwamba kampaundi ya kwasetini iliyo kwenye ganda la zabibu inazuia mwili kuvunja kileo ipasavyo. Bado ni pendekezo. Kabla ya yote, kunywa maji glasi kwa glasi, kula kwanza, na punguza kiasi. Ukiwa na pumu au unatumia dawa, muulize daktari wako.

Ni lazima kumeza?

Si lazima. Waonjaji wa kazi hutema kwenye ndoo, kwa kuwa ladha na harufu unavipata mdomoni na puani. Anayeendesha gari ateme na bado asubiri, maana kileo kidogo huingia hata hivyo. Mjamzito asionje kabisa.

Chupa ikibaki nusu?

Ifunge, irudishe kwenye friji ikiwa imesimama, na uinywe ndani ya siku mbili au tatu. Onja siku ya pili kwa makusudi: mvinyo mzima na wenye tunda hubaki umesimama, wakati mwingine ukakasi wake hulainika, ilhali dhaifu huwa umeanza kunuka siki. Uliochoka lakini haujawa siki, mimina kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe pamoja na kitunguu, nyanya na karafuu mbili, uache uchemke bila mfuniko hadi harufu ya kileo iishe, ndipo ufunike na kupunguza moto.